Idi ya masika: salamu kutoka makonde ya bara, Lamu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, baba zangu, ndugu na majirani mlioko Amu (mjini Lamu), Shela, Faza, Kizingitini, Malindi na Mombasa, nanyi mliovuka bahari kwenda Uarabuni kutafuta riziki, Idi Mubarak. Mola atakabali swala zenu, funga yenu ya Arafa na udhuhiya wenu. Majirani zetu Wakristo wa miji ya Hindi na Mpeketoni, tunaopakana mashamba na kuazimana majembe, salamu hizi ni zenu pia, na sinia lenu limetengwa kama kila mwaka.

Huku kwetu bara, nyuma ya Mokowe, Idi ya Kuchinja imetukuta katikati ya masika. Mahindi yamefika kifuani, kunde zimetanda chini yake, muhogo wa mwaka jana bado uko ardhini unangoja kung'olewa. Njia zote ni tope, na wanaume wanakwenda kuswali wamezikunja kanzu hadi magotini. Takbira za alfajiri zinasikika mpaka makondeni, nako makondeni watoto wanapiga madebe kufukuza nyani. Nyani hawana sikukuu, kwa hivyo lazima mtu abaki dunguni, kile kibanda cha kulindia mazao. Kila nyumba imetoa kijana wake mmoja wa kuamia kwa zamu, ili asiwepo wa kukosa swala na kukosa pilau vyote viwili.

Si kila mwaka Idi hii hutukuta hivi. Mwaka wa ibada huenda na mwezi, siku 354 au 355, ndiyo maana Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka wa jembe huenda na jua. Wazee wa mwambao waliuhesabu kwa miongo, siku 10 kila mwongo, miongo 36 na siku 5 juu yake, kuanzia Siku ya Mwaka. Aliyeishika hesabu hiyo ndiye aliyefuatwa kuulizwa lini kufyeka, lini kuchoma, lini kutia mbegu. Idi ikishaliacha masika, huuzunguka mwaka wa jua na kulirudia baada ya miaka kama 33. Mkulima akijaliwa umri, atachinja katika masika ya ujana wake na katika masika ya uzee wake. Basi.

Nimekaa na hesabu hiyo siku hizi kumi za Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi hii, nikaona kwamba kila mzunguko umewakuta watu wa huku katika hali nyingine.

Idi za masika za mwanzoni mwa miaka ya 1960 nazijua kwa masimulizi ya bibi zetu. Wakati huo Wabajuni wa kaskazini walikuwa na makonde bara, kuanzia Mkokoni hadi Kiunga na Ishakani, na jamaa zao visiwani. Mvua ikikaribia, watu wa visiwani walivuka na mbegu, kuku na watoto, wakahamia makondeni mpaka mavuno. Walilima mtama, mahindi, ufuta na pamba. Bibi zetu wakisimulia Idi za huko, walianza na chakula: mtama uliotwangwa usiku, samaki wa siku ile ile, mbuzi aliyekulia hapo hapo. Kisha vikaja vita vya shifta, vya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, 1963 hadi 1967. Vijiji vikahamwa, watu wakakimbilia visiwani, wengine Amu, wengine Malindi na Mombasa. Makonde yakaota msitu. Wengi wa waliokimbia hawakurudi tena, na wajukuu wao wamezaliwa mjini wakilijua konde la babu kwa jina tu. Jambo hili linaniuma, na siku ya Idi huniuma zaidi, kwa sababu ndiyo siku tunayowasomea dua watu waliozikwa mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kufyeka nyasi juu ya makaburi yao.

Mzunguko wa pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa mtoto. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, na Wabajuni wa Kismayu, Chula, Chovai na Koyama wakaja kwa majahazi, hali zao taabani. Mpaka wa nchi mbili ulipita katikati ya ukoo mmoja: huyu shangazi yuko upande huu, dada yake upande ule. Nakumbuka nyama ilikatwa vipande vidogo vidogo ili kila sahani ipate, na hakuna mtu mzima niliyemsikia akilalamika.

Na sasa ni mzunguko wetu. Tangu ule wa pili tumepita Juni 2014, wakati watu wenye bunduki walipomwaga damu Mpeketoni, na miaka ya amri za kutotoka nje usiku, wakati mtu alipoogopa kulala kwenye dungu lake mwenyewe. Tukapita misimu mitano ya mvua iliyokauka mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Halafu mwishoni mwa 2023 maji yakaja yote kwa pamoja, barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatika Lango la Simba, na mazao yakaozea njiani. Mwaka huu tumelima, mvua imekuja, na watu wamelala makwao. Alhamdulillahi.

Nyumba saba tumechangia ng'ombe mmoja, kama sharia inavyoruhusu. Fungu la kwanza ni la wenye nyumba, la pili la jamaa na majirani, la tatu la wasiokuwa nacho, na miongoni mwao tumewaweka mbele wajane wawili waliohamia hapa kutoka upande wa mpakani. Sehemu ya fungu la jamaa inavuka kwenda Amu pamoja na muhogo na majani ya kunde. Wenye boti wanangoja maji yajae, maana Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Manda, haupitiki vizuri maji yakiwa makavu, kwa hivyo msianze kupiga simu saa mbili asubuhi kuuliza nyama iko wapi. Boti ikirudi, tunangojea halwa, tende na mikate ya mofa. Dada zangu mnaoishi Langoni na Mkomani mnajua ni nani nawaambia.

Walioko safarini kwenda Kizingitini, Ndau na Kiwayu, nawasihi sana: upepo wa kusi umeshika na bahari nje ya miamba ni kali. Boti ikijaa, shukeni mngoje nyingine. Hakuna swala ya Idi inayodai roho ya mtu.

Na ninyi mnaokuja huku, siku tatu za tashriki, zinazofuata siku ya Idi, ni siku za kula na kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu, na kwetu pia ni siku za palizi, kwa sababu magugu ya masika hayangoji. Njooni na watoto, hasa wale ambao hawajawahi kulala makondeni. Majembe yapo. Nguo za kazi mje nazo.

Kulla aam wa antum bikheri.