Kanuni za michezo ya video zifunze kupanda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watengenezaji wa michezo ya video. Mwanangu hucheza Minecraft, iliyotoka rasmi mwaka 2011. Humo ukikata mti chini, shina lililobaki huning'inia hewani, na watoto huliacha vivyo hivyo wakakimbilia mti mwingine. Ukilimaliza shina, majani hupukutika na mara nyingine huacha miche, lakini kuipanda ni hiari yako. Hapo ndipo penye kasoro! Mtoto si mharibifu. Anafuata kanuni alizowekewa. Terra Nil, mchezo wa mwaka 2023 wa Waafrika Kusini, umezigeuza kanuni hizo: unafufua ardhi iliyokufa, kisha unaondoa mitambo yako yote. Tutengenezeeni mingi ya namna hiyo.

Mzazi na mchezaji