Kuweka aftatachi kwenye sintesaiza ya analogi: kazi kubwa iko chini ya vitufe

Aftatachi ni uwezo wa kibodi kuhisi kidole kikiendelea kukandamiza baada ya kitufe kufika chini. Sintesaiza za Minimoog ya 1970, Prophet-5 ya 1978 na Jupiter-8 ya 1981 zote zilitoka kiwandani na kibodi isiyohisi mgandamizo. Kitufe kikishafika chini, basi. Ukikandamiza zaidi hakuna kinachobadilika. Yamaha CS-80 ya 1977 ilikuwa na utaratibu tofauti: kila kitufe kilihisi uzito wa kidole chake, na mpigaji aliweza kufungua filta (saketi inayochuja sauti) au kuitetemesha noti moja ndani ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huku nyingine zikitulia. Aliyewahi kupiga kibodi ya namna hiyo hurudi kwenye chombo chake na swali moja: je, yangu inaweza kuwekewa?

Mara nyingi inaweza. Ila kabla hujanunua sensa, fahamu kwamba malalamiko mengi ya aftatachi zilizoongezwa baadaye, kama kujiwasha yenyewe, kufanya kazi katikati ya kibodi tu, au kuruka kutoka sifuri hadi mwisho bila hatua za kati, hayaanzii kwenye saketi. Yanaanzia kwenye felti ambayo vitufe hutua juu yake.

Sensa yenyewe

Tunayotumia ni utepe mrefu wa plastiki unaolala chini ya vitufe vyote. Ndani yake mna filamu mbili, moja ina mistari ya fedha na nyingine imepakwa wino wa kaboni, zikitenganishwa na nafasi nyembamba. Usipobonyezwa, ukinzani wake unazidi megaomu moja. Ukikandamizwa kwa nguvu unashuka hadi kiloomu chache. Unene wa utepe hauzidi sana nusu milimita, lakini nusu milimita hiyo ina uzito mkubwa, kama utakavyoona.

Utepe mmoja hutoa thamani moja kwa kibodi nzima. Vidole vyote vinachangia, kwa hiyo kodi ya noti tano iliyobonyezwa kawaida inaweza kusomeka juu kuliko noti moja iliyokandamizwa kwa makusudi. Hilo ni umbile la sensa, si hitilafu. Kuipa kila noti mgandamizo wake kunahitaji sensa chini ya kila kitufe, pamoja na saketi ya kuzisoma zote 61 kwa zamu. Kwa sintesaiza yenye sauti moja, yaani inayotoa noti moja tu kwa wakati, gharama hiyo hainunui chochote, na hata kwa ya sauti tano au nane haina maana kama bodi za sauti hazina njia ya kupokea volti tofauti kila moja. Wateja wengi tunawashauri wabaki na utepe mmoja.

Felti, reli na kina cha kitufe

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote ya kibodi, pima kina cha kitufe, yaani umbali kinaoshuka, kwa kalipa: mwanzo, katikati na mwisho wa kibodi, vitufe vyeupe na vyeusi. Andika vipimo. Bila namba hizo hutajua baadaye kama umeharibu mguso.

Kisha tafuta mahali kitufe kinaposimama. Kwenye kibodi nyingi ni reli ya mbele, chini ya ncha ya kitufe; kwenye nyingine ni katikati au nyuma ya egemeo. Angalia pia kama vyeupe na vyeusi vinatua kwenye mstari mmoja. Vikitua kwenye mistari miwili iliyoachana, utepe mmoja utahisi vyeupe tu, na itabidi tepe mbili ziunganishwe sambamba. Eneo linalohisi lazima lifike hadi chini ya vitufe vya pembeni kabisa. Kwa kibodi ya vitufe 61 vya ukubwa kamili hiyo ni karibu sentimita 84. Usikate utepe mrefu ili uenee. Ukingo uliokatwa unaweza kugusanisha filamu mbili, na sensa ikabaki ikisoma mgandamizo usiokuwepo.

Felti ya zamani hatuirudishi kamwe. Imeshakuwa ngumu na ina mfereji chini ya kila kitufe. Tunaibandua, tunaondoa gundi yote kwenye reli kwa kikwangulio cha plastiki na alkoholi ya aisopropili, kisha tunapitisha kidole reli nzima polepole. Punje ya gundi yenye ukubwa wa chembe ya mchanga ikibaki chini ya utepe, itaukandamiza saa zote.

Mpangilio kutoka chini ni huu: reli, utepe, povu la mpira, halafu felti nyembamba juu ili kitufe kitue bila kelele. Utepe haukai juu ya felti, maana kingo za vitufe zingeuchimba. Povu likiwa gumu mno, mgandamizo unatoka sifuri hadi kikomo bila kupita katikati. Likiwa laini mno, kitufe kinazama na mpigaji hajui kilipofika mwisho. Tunachagua povu ambalo kitufe kikikandamizwa kwa nguvu kinashuka takriban milimita moja zaidi, na kikiachwa linarudi mara moja.

Jumla ya unene wa tabaka zote lazima ilingane na felti ya asili ilipokuwa mpya. Hapa ndipo nusu milimita ile inapouma. Ukiongeza utepe bila kupunguza kitu juu yake, kitufe hakifiki chini kama zamani, na swichi zilizopangwa kufunga karibu na mwisho wa safari zinafunga nusunusu: noti hazitoki, au zinatoka mara mbili. Kibodi za kampuni ya Pratt-Read, zenye vijiti vya waya vinavyogusa fito, zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu waya hupinda ukiziondoa kwa pupa. Kazi ikikamilika tunapima kina upya, na tofauti ikizidi milimita 0.3 tunafungua tena.

Mkia wa utepe usiukunje kwa pembe kali, njia za fedha zitapasuka. Wala usiulehemu moja kwa moja. Plastiki huyeyuka kabla risasi haijashika. Tumia kiunganishi cha kubana. Kabla ya kufunika chombo, unganisha maltimita kwenye mkia na usome ukinzani kibodi ikiwa imetulia. Ukiona kiloomu 40 badala ya megaomu, kuna kitu kinakandamiza: punje, skrubu ya reli iliyokazwa kupita kiasi, au kitufe kisichorudi juu.

Saketi

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Utepe unaunganishwa kati ya volti 5 na rezista ya kiloomu 10 iliyokwenda kwenye graundi, na volti inachukuliwa katikati yao. Sensa ikiwa kwenye megaomu moja unapata volti 0.05; kwenye kiloomu 10 unapata 2.5, kwenye kiloomu 2 unapata 4.17. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1 huondoa mtikisiko, zikikata kuanzia hezi 16 hivi, ambayo bado ni haraka ya kutosha kwa mkono wa binadamu. Baada ya hapo inakuja opampu (chipu ya kukuza volti) ya kulinda volti hiyo, na nyingine ya kupunguza kizingiti, yaani kiasi cha mgandamizo kisichohesabiwa, na kuongeza ukubwa, ikiwa na dayodi kwenye mzunguko wake ili isishuke chini ya sifuri. TL072 inafaa panapokuwa na volti chanya na hasi 12 au 15. Usiilishe volti 5 pekee, haitafika kwenye kingo.

Tunapendelea kupeleka mgandamizo kwenye filta. Sintesaiza nyingi zina opampu ya kujumlisha volti za filta ambapo rezista ya kiloomu 100 huleta oktava moja kwa kila volti. Ukiingiza volti 0 hadi 5 kwa rezista hiyo unafungua filta oktava tano, na hapo ni vigumu kuutawala mkono. Kwa kiloomu 220 unapata oktava mbili na robo, na hiyo inapigika. Chaguo la pili ni kina cha LFO, osileta ya mwendo wa polepole, kwa ajili ya mtetemo. Kwenye osileta zinazozalisha noti zenyewe hatupeleki moja kwa moja: mabaki ya milivolti chache tu yanatosha kukitoa chombo kwenye tuni.

Baadhi ya vyombo havihitaji kuguswa ndani ya filta kabisa. Roland Alpha Juno-1 inapokea mgandamizo kupitia MIDI (mfumo wa vyombo kutumiana ujumbe kwa waya) ingawa kibodi yake haiutoi. Kwa hizo tunaweka maikrokontrola ndogo, yaani kompyuta ya chipu moja, inayosoma utepe na kutuma ujumbe wa mgandamizo wa chaneli, wenye thamani 0 hadi 127. Itume thamani inapobadilika tu, na isizidi mara moja kila milisekunde 10. Ujumbe mmoja unachukua milisekunde 0.64 kwenye waya wa MIDI, kwa hiyo ukitumwa bila kipimo unachelewesha noti.

Kurekebisha

Tunaweka vipande vya uzito juu ya kitufe kimoja, na kupandisha kizingiti hadi gramu 250 zisifanye chochote. Mguso wa kawaida unabaki salama, na kukandamiza kwa makusudi kunafika mwisho bila kuumiza kidole. Kisha tunahamisha uzito huo huo kitufe hadi kitufe. Sehemu dhaifu, ambazo mara nyingi ni za pembeni, tunaziinua kwa vipande vya tepu nyembamba chini ya utepe. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayofanya kibodi nzima ijibu kwa usawa.

Kabla ya kutuletea chombo

Hifadhi sauti zako zote kwenye kaseti au kompyuta, kwa sababu betri ya kumbukumbu inaweza kuondolewa wakati wa kazi. Tuandikie vitufe vyenye matatizo. Swichi chafu lazima zisafishwe kwanza, la sivyo lawama zitaangukia sensa. Ukiamua kufanya mwenyewe, chomoa umeme, subiri, na pima kapasita kubwa za pawa saplai kabla ya kuingiza mkono, maana hubaki na chaji. Vaa pia waya wa mkononi wa kuondoa umemetuli, kwa usalama wa chipu za CMOS.

Hatukati njia yoyote kwenye bodi za asili, na sehemu tulizotoa tunakurudishia kwenye mfuko. Povu jipya hukaa sawa baada ya wiki kadhaa za kupigwa na kizingiti husogea kidogo. Kirekebishi chake tunakiweka karibu na tundu lililopo tayari nyuma ya chombo, ili ukizungushe kwa bisibisi ndogo bila kufungua kitu.