Kumrudisha mtoto shule sio begi na madaftari tu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile ripoti yenu ya kuwaandaa watoto kurudi shule baada ya likizo imenishinda kunyamaza. Ukurasa mzima ni mabegi, viatu na madaftari, halafu kule chini kabisa ndo mnagusia kwamba mtoto alale mapema usiku wa kuamkia siku ya kufungua.

Alale mapema vipi? Mtoto likizo nzima amelala saa sita usiku na kuamka saa nne asubuhi, leo umwambie saa mbili usiku afumbe macho, atabaki anaangalia dari tu. Mwili una saa yake na hairudishwi kwa usiku mmoja, inasogezwa taratibu, dakika 15 leo, 15 nyingine kesho, na unaanzia kwenye kuamka sio kwenye kulala. Muamshe mapema, mtoe nje apate mwanga wa asubuhi, simu na tivii zizimwe saa nzima kabla ya kulala, usiku usingizi utamshika wenyewe. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12, na wa 13 hadi 18 masaa 8 hadi 10, mbona hizo namba hamkuziweka? Na waliobalehe ndo wagumu zaidi maana umri ule usingizi wenyewe unachelewa kuja, sio kiburi, lakini ndo hao tunaowagombeza kila asubuhi.

Halafu woga wa mtoto hamkuutaja kabisa. Muhula uliopita binti yangu tumbo lilianza kumuuma Jumamosi, homa hana, Jumapili usiku akalia mpaka kwikwi. Nikakaa naye kitandani ndo akasema, rafiki yake wa karibu amehama na hajui atakaa na nani. Asubuhi nikamwambia mwalimu niliyemkuta getini, nikamuomba amuangalie kidogo, akanijibu atazoea, akageuka. Kabla hata ya mapumziko watoto wakapewa mtihani wa hesabu, siku ya kwanza hiyo, mambo ya muhula wa kabla ya hapo ambayo bila mazoezi lazima yasahaulike, hesabu ndo huwa inapotea haraka, alama zikabandikwa ukutani na majina yao na walioshika mkia wakasimamishwa mbele ya wenzao, yaani mtoto aliyekuwa anaogopa kukaa peke yake mnamsimamisha peke yake darasa zima linamtazama, kesho yake tumbo limerudi ndo naambiwa ni mvivu na mimi namdekeza! Sipingi kuwakumbusha watoto walichosoma, wapeni maswali, kukumbuka kwenyewe ndo kunarudisha somo kichwani, ila alama za nini na kuaibishana kwa nini?

Na kazi za likizo nazo. Wanapewa rundo la kurasa siku ya kufunga, wazazi tunakaa nazo usiku tunagombana na watoto, wanazipeleka shule na hakuna anayezifungua. Binti yangu za kwake alirudi nazo hivyo hivyo, hata tiki moja hamna. Kama hamtasahihisha msitoe, mtoto asome kitabu anachokipenda mwenyewe, inatosha.

Ninachoomba ni hiki. Gazeti lenu, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, liweke kila siku kwenye ukurasa wa kwanza kijisanduku kinachosema leo muamshe mtoto dakika ngapi mapema kuliko jana, mpaka ifike saa ya shule. Na walimu, mtihani wowote wenye alama usubiri wiki ya pili. Siku ya kwanza somo la kwanza liwe la kukaa na watoto tu, kujua nani mgeni na nani kaachwa na rafiki, na kila mmoja wa hao apewe mwenzake wa kutoka naye mapumziko mpaka Ijumaa. Mkiirudia hiyo ripoti muhojini na mtoto, hata mmoja, maana mle ndani hayupo.

Mzazi na msomaji wenu