Salamu za Pasaka kwa wana Rungwe, mlio nyumbani na mlio mbali

Mugonile, ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Busokelo na Kyela, nanyi mliotawanyika Mbeya mjini, Dodoma na Dar es Salaam. Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya familia yetu nawasalimu, na kumshukuru Mungu aliyetufikisha tena Pasaka tukiwa hai.

Mwaka umekuwa mgumu. Mbolea ilipanda bei wakati ule ule wa kupandia, nauli nazo zikafuata, na mafuta ya kula sasa yananunuliwa kwa kipimo cha siku moja. Wazee wanasema walishaona: baada ya vita vya Kagera, tulipopigana na Idi Amin wa Uganda, Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na foleni za sukari na sabuni zikaendelea hata miezi hiyo ilipokwisha. Walivumilia kwa sababu walikuwa pamoja.

Ila kwetu kizito zaidi ni kwamba Pasaka hii hatunaye baba mdogo. Mliomfahamu mnaijua galatoni yake, lile gitaa lake. Alikwenda vitani akiwa kijana wa mgambo, akibeba makombora ya mzinga, na gitaa kalifunga juu ya mzigo. Mwenge Jazz, bendi ya jeshi, watu waliisikia redioni. Kule mbele kombania yao ilikuwa na galatoni hiyo moja, na uzi ukikatika wanachomoa waya wa breki ya baiskeli. Njia waliipiga kwa miguu, Mto Kagera, Masaka, Lukaya, hadi Kampala. Alikuwa akisema mtu aliyetembea usiku kucha kwenye tope hahitaji hotuba, anahitaji wimbo ambao mama yake anaujua.

Habari za Lukaya alizisimulia kwa shida. Usiku ule wa Machi 1979 makombora ya Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, yaliwapita juu ya vichwa, watu wakatawanyika gizani. Walipojikusanya na kupigana tena, jioni yake aliwaimbisha chenja, zile nyimbo za jeshi za kuitikiana, kila mmoja akiitikia kwa jina la kijiji chake. Ndivyo walivyojua nani hayupo. Vijiji vingine havikuitikiwa, naye akaendelea kupiga mpaka mwisho, maana aliona akinyamaza watalia wote.

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili, Jumatano ya Juma Kuu. Jumapili ya Pasaka, tarehe 15, aliwapigia wenzake tenzi za ufufuo, Mnyakyusa, Mhehe, Mkurya, na Waislamu wa kombania wakipiga makofi. Hakuna Pasaka iliyopita bila kutusimulia hilo.

Namkumbuka sana. Hata sasa ninapoandika natamani nimsikie akikohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili, kama alivyozoea.

Vijana wetu, nawasihi kwa jina la Bwana: wale wazee waliovuka Kagera wanaondoka. Msingoje Siku ya Mashujaa ndipo mwatazame. Nendeni mkakae nao, wapelekeeni sukari kama mnayo, waulizeni waliimba nini. Na majumbani mwenu imbeni. Nyumba ambayo kila mtu ameinamia simu yake haitajua nani ameanguka. Enyi wenye ugomvi wa mashamba na mirathi, Kristo hakufufuka ili ninyi mpitane njiani bila salamu! Pataneni kabla ya Jumapili. Mwenye debe la mahindi amkumbuke mjane wa jirani, na mwenye kazi mjini asiwasahau waliomsomesha.

Jumapili alfajiri tutakuwa makaburini kama kawaida, kisha ibada, kisha nyumbani kwa mama mdogo. Mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maziwa vipo. Mvua bado ni nyingi na njia ya juu imeharibika, basi mnaotoka mbali piteni ya chini. Mwenye gitaa aje nalo.

Nawatakieni nyote heri na baraka za Pasaka, afya njema, mavuno mema na amani ya Bwana mfufuka. Ndaga fijo, asanteni sana.