Barua ya wazi kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya: tupeni njia halali ya kutega sungura

Ndugu Ofisa,

Kamwene. Mimi ni mkulima wa vinyungu, bustani za bondeni tunazolima kiangazi, huku Mufindi, na jambo langu ni sungura wa porini. Najua wenzako wa wilaya nyingine wanahangaika na tembo na viboko, na sungura anaweza kuonekana mdogo mno kuandikiwa barua. Lakini ikifika Agosti, nyasi za mlimani zimekauka na nyingine zimeshaungua moto, kijani kinachobaki ni hiki tunachomwagilia bondeni: njegere, maharage, kabichi changa. Sungura anashuka usiku. Asubuhi unakuta mstari mzima umebaki vijiti.

Kwenye parachichi ni uchungu zaidi. Mche uliobebeshwa unaununua kwa fedha, unauchimbia shimo, unaweka samadi, unaubebea maji kiangazi chote, kisha anakuja kumenya gome kuzunguka shina na mche unakufa ukiwa umesimama. Mwanzoni niliwalaumu panya. Siku hizi naitambua kazi yake: mkato wa mshazari, safi kama wa kisu, na vidonge vya mviringo vya kinyesi pembeni.

Mnyama huyu si wangu, hata akiwa ndani ya shamba langu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba yetu. Anayekutwa na nyama ya sungura jikoni bila kibali amekutwa na nyara za serikali, sawasawa na aliyekutwa na nyama ya swala. Hilo silipingi. Ninachokuomba ni utusaidie kwenye sehemu ya sheria hiyo ambayo kijijini hakuna anayeijua. Inakataza kuwinda kwa mitego, vitanzi, mashimo, nyavu, sumu, mbwa na tochi za usiku, ila inaacha mlango mmoja: kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori, kilichoombwa na kupatikana kabla ya kuanza. Mkulima wa Mufindi anaufikiaje mlango huo? Nimeuliza. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, hiyo ikaniambia nirudi nilikotoka, na sungura hakunisubiri.

Wakati huohuo waya hauna foleni. Kijana anafumua waya wa breki ya baiskeli, anafunga kitanzi kwenye ujia wa sungura, anakwenda zake. Waya hauchagui. Mwaka jana mbuzi wangu jike, mwenye mimba, alinaswa mguu wa nyuma ukakatika hadi kwenye mfupa, ikabidi tumchinje. Kando ya msitu tulimkuta nsya, yule swala mdogo wa vichakani, ameoza kitanzini, wala aliyetega hakurudi kumwangalia. Ukipanda kuelekea Rungwe au Udzungwa, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu humo anaishi minde, jamii ya nsya mkubwa wa msituni, ambaye hapatikani nje ya Tanzania, na kitanzi kilichokusudiwa nsya humkamata yeye vilevile. Aliyemtegea mbuzi wangu namfahamu, na si mtu mbaya. Alikuwa analinda njegere za mama yake.

Sumu siitaki hata kuisikia. Maharage yaliyolowekwa dawa ya wadudu yanaua sungura, kanga, kunguru, mbwa wa jirani, na bonde letu ndilo tunaloteka maji ya kunywa.

Kwanza nieleze tulichojaribu bila kugusa mnyama, usije ukadhani tunakimbilia mtego. Miche ya parachichi tunaivisha mianzi. Huku mianzi ya ulanzi haikosekani. Unapasua vipande, unavipanga kuzunguka shina hadi usawa wa goti au zaidi, unafunga kwa kamba bila kubana. Miche iliyovikwa hivyo haijamenywa tena. Nawasihi wote wanaosoma wafanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Bustani ndogo ya kabichi inazungushiwa wavu wa kuku, na ukingo wa chini unafukiwa udongo asipenye. Nyasi ndefu za pembezoni tunazifyeka, kwa kuwa sungura huyu wa porini hachimbi shimo kama wa kufuga. Mchana analala juu ya ardhi, kwenye kitako cha nyasi, na palipo peupe hapapendi. Lakini kinyungu cha nusu ekari cha njegere ni wachache wanaomudu kukizungushia wavu, na hapo ndipo ninapoomba mtego wa sanduku.

Nimetengeneza mmoja kwa mabanzi ya kiwandani: urefu kama hatua moja, upana wa kumtosha sungura kuingia bila kugeuka, mlango wa kudondoka unaoshikwa na kijiti. Mnyama anaingia mzima na anabaki mzima, na akiingia asiyehusika, paka au kanga, unafungua anakwenda. Nitakuwa mkweli, sungura si rahisi kuingia sandukuni. Anaogopa kitu kipya. Lazima uliache wazi usiku kadhaa bila kulitega, kwenye upenyo anaopitia, ukiweka majani ya njegere ndani mpaka alizoee. Likishategwa, linakaguliwa alfajiri bila kukosa, na mchana linafungwa, kwa maana jua la kiangazi ndani ya boksi la mbao linaua taratibu. Asiyeweza kuamka alfajiri asitege.

Kuna jambo moja ambalo vijana wetu hawalijui, nami nililijua nimechelewa. Sungura wa porini huzaa mmoja hadi watatu hivi, wanazaliwa na manyoya na macho wazi, na mama huwaacha wamejificha nyasini, akirudi kwa muda mfupi tu kuwanyonyesha. Ukimuua mama, watoto wanakufa njaa mahali ambapo hutawaona kamwe. Kwa hiyo jike mwenye maziwa aachiwe, hata kama ndiye aliyekula njegere. Naomba sharti hilo liandikwe ndani ya kibali chenyewe. Na kwa kuwa wanazaa zaidi mvua zikinyesha, kibali kiwe cha miezi ya vinyungu pekee, Juni hadi Oktoba, tena kwa shamba linalolimwa, siyo porini wala karibu na msitu wa hifadhi.

Ombi langu ni kwamba usitusubiri mmoja mmoja. Kamati ya maliasili ya kijiji ipokee majina, ikague shamba na kujiridhisha kwamba mwenyewe ameshaweka mianzi na wavu panapowezekana, kisha maombi yote yaje kwako kwa pamoja, nawe uyapeleke kwa Mkurugenzi. Idadi ya sungura wa kukamatwa uipange wewe mwenye utaalamu. Kila anayekamatwa aandikwe kwenye daftari la kijiji: dume au jike, tarehe, shamba la nani. Suala la nyama pia liandikwe waziwazi, kama inaliwa au inakabidhiwa, maana hapo ndipo watu wanapopata kesi. Anayekutwa na waya baada ya hapo, kamati yenyewe imlete kwako. Nitakuwa wa kwanza kusimama kutoa ushahidi, hata akiwa jirani.

Na utakapokuja, tafadhali njoo na mtu wa kutufundisha namna ya kumuua mnyama kwa haraka asiteseke. Tunachinja kuku na mbuzi tangu utotoni, lakini sungura wa porini aliyeshikwa na hofu anapiga kelele kama mtoto mchanga, na mtu mwenye mkono unaotetemeka humuumiza mara mbili.

Maandalizi ya vinyungu yanaanza Mei. Sanduku langu liko chini ya kihenge, mlango nimeufunga kwa kamba, halijategwa hata usiku mmoja. Nitalifungua siku utakapokuja kulikagua au siku nitakaposhika kibali mkononi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa vinyungu, Mufindi, Iringa