Risala ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi za biolojia kwa mgeni rasmi, siku ya kuwasilisha miradi ya utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri na wasimamizi wetu,
Mafundi sanifu wa maabara,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kutenga muda wa kusikiliza kazi za wanafunzi ambao bado hawajahitimu shahada ya kwanza. Mabango yaliyobandikwa ukumbini humu yanaeleza miradi ambayo kila mmoja wetu ameifanya chini ya msimamizi, nasi tunaomba kukueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na mahali inapohitaji msaada wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mazoezi ya maabara ya miaka ya mwanzo huwa na jibu linalojulikana kabla mwanafunzi hajavaa koti jeupe. Mradi wa utafiti hauna jibu la namna hiyo, na ugumu wake huanzia kwenye swali lenyewe. Wengi wetu tulikuja na maswali mapana mno, kama vile iwapo mmea fulani unatibu maambukizi. Wasimamizi waliyapunguza maswali hayo hadi yakawa ya kupimika: je, majani ya mmea huo yakisagwa, yakalowekwa katika ethanoli na kuchujwa, majimaji yanayopatikana yanazuia aina moja ya bakteria isiote juu ya agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea bakteria, na kwa ukolezi gani? Swali limekuwa dogo, lakini sasa linajibika.

Tunaomba utakapopita kwenye bango la kazi hiyo utazame kwa makini picha ya sahani ya petri. Bakteria wametanda juu ya agari, isipokuwa pale palipo na kipande kidogo cha karatasi kilicholowekwa majimaji ya mmea, ambapo pamebaki duara lisiloota kitu. Kipenyo cha duara hilo ndicho kinachopimwa kwa milimita. Hata hivyo, duara hilo peke yake halithibitishi chochote. Pembeni yake kipo kipande kingine kilicholowekwa ethanoli tupu na kukaushwa vivyo hivyo, ili tujue kama si ethanoli yenyewe iliyowazuia bakteria, na kipo cha tatu chenye antibiotiki inayojulikana, ili tuwe na hakika kwamba jaribio lina uwezo wa kuonyesha uzuiaji pale unapokuwapo. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini vipande hivyo viwili vipo amejifunza jambo ambalo mihadhara mingi haikuweza kumfundisha.

Vivyo hivyo kuhusu marudio, yaani kurudia kipimo kwa sampuli zinazojitegemea. Majani 20 yaliyochumwa kwenye mti mmoja hayawi miti 20, hata kama kila jani limepimwa kwa uangalifu; yanatueleza habari za mti mmoja tu. Jambo hili hueleweka haraka likisemwa, lakini husahaulika mtu akiwa shambani na muda unamwishia, na msimamizi anayelitaja kabla sampuli hazijakusanywa humwokolea mwanafunzi wake kazi ya muhula mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuamini kwamba kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni ya kuigiza tu. Mwaka 1911 Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi wa ngazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizungumza na msimamizi wake, Thomas Hunt Morgan, kuhusu matokeo ya kuzalisha nzi wa matunda. Aliyachukua matokeo hayo nyumbani, akakesha nayo, na kufikia asubuhi alikuwa ametengeneza ramani ya kwanza ya mpangilio wa jeni katika kromosomu, iliyochapishwa mwaka 1913. Kipaji alikuwa nacho, lakini alikuwa pia na msimamizi aliyempa nafasi katika maabara, akamwachia data na kupata muda wa kuzungumza naye.

Muda huo ndio unaopungua. Msimamizi mmoja hubeba wanafunzi wengi pamoja na vipindi vyake, na wapo wanaoonana naye wakati wa kupitisha pendekezo na wakati wa kusahihisha ripoti, ilhali makosa mengi hutokea katikati. Tunaomba idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi iwekewe kikomo. Tunaomba pia mapendekezo ya utafiti yaandaliwe muhula mmoja mapema. Bakteria kama *E. coli* katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na sahani huwa tayari kesho yake, lakini anayefuatilia ukuaji wa mimea husubiri wiki nyingi, na anayehitaji kibali cha maadili haruhusiwi kuanza kabla hakijatoka. Wote hao wanapewa tarehe moja ya kuwasilisha ripoti.

Lililo zito kuliko yote kwetu ni hofu ya matokeo hasi. Mwanafunzi ambaye majani yake hayakuzuia bakteria amepata jibu halali, ikiwa jaribio lake lilipangwa vizuri na daftari lake la maabara linaonyesha kila kipimo, pamoja na vile visivyopendeza. Lakini akiamini kwamba alama hutolewa kwa duara kubwa, atashawishika kuacha vipimo vinavyomharibia wastani, na tabia hiyo ikianzia hapa ataondoka nayo. Kwa kuwa sauti yako inasikika katika vyombo vya maamuzi vya chuo, tunakuomba utusaidie ili mwongozo wa usahihishaji utamke wazi kwamba alama zinatolewa kwa ubora wa swali, mpangilio wa jaribio, ukweli wa kumbukumbu na uzito wa hoja, matokeo yawe chanya au hasi.

Baada ya risala hii, wenzetu watasimama kando ya mabango yao kujibu maswali. Tunakuomba uwaulize bila kuwahurumia.

Tunaomba kuwasilisha.