Jumatatu baada ya Magharibi: Mshtarii na Zohali

Assalaam alaykum jamani. Jumatatu hii, 21 Desemba 2020, tukutane Forodhani (bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, Zanzibar), ukutani, baada tu ya sala ya Magharibi. Msichelewe, maana kufika saa 2:30 sayari zote mbili, Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn), zitakuwa zinazama.

Tazameni juu ya bahari, magharibi, kidogo kusini. Mng'avu zaidi ni Mshtarii, na Zohali imemgandia ubavuni: nafasi kati yao ni kama sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi. Hazijakaribiana hivi tangu 1623, na mara nyingine ni 2080. Waleteni watoto, tafadhali. Wao huenda wakaiona na hiyo.

Wa simu: ishikizeni kwenye tripodi au juu ya ukuta, zimeni flashi, wekeni taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, lenzi iwe wazi sekunde 1, kisha rekebisheni. Mkiingiza ngalawa chini ya picha, itapendeza sana.

Darubini nitakuja nayo. Pete za Zohali na miezi ya Mshtarii mtaviona pamoja, kwa mtazamo mmoja. Mawingu yakitanda, tunarudi Jumanne, bado zitakuwa karibu.